Gari Lililokataa Kila Jumamosi

Bombolulu, Mombasa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitanguliza mbele ya yote, na nakuomba uipokee sasa hivi kabla hujasoma zaidi, kwa sababu ukifika katikati ya barua hii huenda usitake kuipokea tena.

Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko milimani? Ile dawa ya kuchua niliyompa mwalimu wa kwaya ilikufikia, au ameisahau tena kwenye mkoba wake? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado anatuzungusha? Hapa joto limetushika koo. Mchana mzima mtu anatafuta kivuli, na nikiwasha tanuri, jikoni hugeuka kama ndani ya tanuri lenyewe. Mwili wangu mzima, nashukuru Mungu. Moyo ndio ninaotaka kukueleza.

Ningekupigia simu, lakini wewe simu huiweka spika kwa sababu ya masikio, kisha nyumba nzima husikia, na jirani aliyekuja kuomba chumvi naye husikia. Haya vaa miwani uyasome peke yako, ukiwa umekaa.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Ulisema, "Wakesho, umemvua nguo mdogo wako mbele ya wakwe. Mpigie umwombe msamaha kabla jua halijatua." Jua limetua mara nyingi tangu siku hiyo, Mama, na sijampigia. Sitampigia. Ila sitaki uone nimeidharau amri yako. Umesikia ya Mghanga peke yake, na Mghanga kusimulia anajua. Sasa sikia yangu.

Lile gari langu jeupe unalijua, ulilipanda ulipokuja kutibiwa macho. Mghanga ndiye aliyenitafutia, kwa kuwa kazi yake ni udalali wa magari huko Changamwe, na kwa hilo nilimshukuru hadi kanisani. Unajua pia kwamba bila gari mimi sina kazi. Keki ya arusi ya ghorofa tatu haipandi bodaboda. Wateja wangu wengi wanafanyia sherehe kwenye hoteli za Shanzu, na wanataka keki ifike imesimama, maua yake yote mahali pake.

Gari lilianza kunikataa miezi michache iliyopita. Kilichonishangaza ni kwamba lilichagua siku. Jumatatu mpaka Ijumaa linawaka ukiligusa tu. Jumamosi asubuhi nikizungusha ufunguo, injini inazunguka, inazunguka, haiwaki. Nampigia Mghanga. Mghanga anakuja na fundi wake mmoja mwembamba asiyesalimia watu, wanafungua boneti, wanatikisa vichwa. "Dada, ni pampu ya mafuta. Imechoka. Tunangoja nyingine kutoka Nairobi. Kwa sasa acha niipeleke gereji ipumzishwe." Wanawaita vijana wa bodaboda, gari linasukumwa hadi nje ya lango na kuteremshwa barabarani, linapotea kwenye kona. Jumatatu linarudi likiwaka. Na mimi nampakulia wali wa nazi na samaki, nambariki, nasema nina ndugu.

Niliona mchanga wa pwani kwenye mazulia ya gari, Mama. Niliona kibanio cha nywele ambacho si changu. Nilidhani ni mambo ya gereji, watu wanaingia na kutoka. Hata petroli ikipungua nilisema ni kwa kulijaribu.

Kisha ikaja Jumamosi ya keki ya yule binti wa Kisauni. Nilikueleza kidogo kwa simu, lakini hukusikia vizuri, au hukutaka kusikia. Ilikuwa keki kubwa kuliko zote nilizowahi kuoka. Sikulala kwa kuipamba. Asubuhi gari likakataa. Nikampigia Mghanga nikilia. Akasema, "Nakuja, dada, lakini usithubutu kumwita fundi mwingine, atakuunguzia kompyuta ya gari." Nikangoja. Alipofika nilimwambia, "Jaribu, hata likiwaka mara moja tu, nikimbie Shanzu nirudi." Akaingia, akazungusha ufunguo, akanitazama machoni. "Haliendi hili. Tafuta tuktuk." Wakalisukuma.

Nikatafuta tuktuk. Dereva alikuwa mtu mwema, aliendesha kama amebeba mgonjwa. Lakini matuta ni matuta. Kabla ya kufika hotelini ghorofa ya juu iliteleza ikaangukia ya kati, na zote mbili zikanimwagikia mapajani. Niliingia pale hotelini nimepakaa krimu mpaka kwenye nyusi. Mama wa bi arusi alinitazama, akaniambia mbele ya wapishi na wageni, "Kumbe wewe ni mwanamke wa kudanganya watu." Nilirudisha malipo yao yote, nikapiga magoti nikaomba radhi. Haikusaidia. Yule mama ana mdomo na ana marafiki. Hoteli iliyokuwa ikinipa kazi kila mwezi iliacha kupokea simu zangu.

Siku ile nilipokupigia, uliniambia, "Mambo ya magari mwachie Mghanga, yeye ni mwanamume." Nakukumbusha tu.

Juma lililofuata Mghanga alikuja Ijumaa kula kama kawaida yake, akatoka nje "kutazama magurudumu," akaaga. Jumamosi gari likakataa. Lakini safari hii hakuja kulichukua, maana alikuwa amekwenda Voi kumtazamia mteja gari, na huko akakwama siku mbili zaidi. Jumatatu bado gari limekufa uani, na mimi nina keki ya ubatizo ya kupeleka Jumanne. Nikampigia. "Ningoje, dada. Usimwite mtu."

Bi Zuhura, jirani yangu wa mlango wa pili, alikuwa barazani akichambua mchele. Ni mtu wa Mvita asilia, haongei haraka, lakini akiongea unasikiliza. Akaniuliza, "Mwanangu, gari limekufa tena? Mbona Jumamosi ile ya keki yako nililiona Kongowea linakwenda vizuri, muziki juu?"

"Uliliona wapi, Bi Zuhura?"

"Kongowea, wallahi. Nduguyo kashika usukani na miwani nyeusi. Nikasema, alhamdulillahi, mshalitengeneza."

Nilikaa chini pale pale kwenye mkeka wake. Nilimwomba anitajie fundi yeyote, hata wa mbali, asiyemjua Mghanga. Akanitajia Dama, msichana wa Kigiriama anayefanya kazi ya umeme wa magari kwenye gereji moja huku Kisauni.

Dama alikuja na mkoba mdogo na taa ya kupimia yenye waya. Anaongea sana, anacheka sana, na hapendi mtu asimame tu akitazama. "Dada Wakesho, gari ni lako, kwa hiyo tutatafuta pamoja. Washa taa za mbele." Zikawaka kali. "Basi betri tuisamehe. Zungusha ufunguo." Injini ikazunguka, haikuwaka. "Starta nayo nzima. Sasa usiuzungushe mpaka mwisho. Ufunguo uache pale kabla ya kuwasha, kisha njoo utie sikio kiti cha nyuma. Pampu ya mafuta huvuma kidogo, kama nyuki ndani ya kopo. Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Hata mimi. Pampu haipati umeme, au imekufa."

Akanionyesha kisanduku cha fyuzi chini ya usukani, karibu na goti la dereva. Akaing'oa fyuzi ya pampu, akaiinua kwenye mwanga, na mimi nikaitazama. Kijiwaya cha ndani hakikuwa kimekatika. Akairudisha. Kisha akaigusisha taa yake nyuma ya kisanduku, ikawaka. Akaenda nyuma akaigusisha kwenye waya wa pampu, haikuwaka. "Umeme unatoka hapa vizuri, kule haufiki," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Njiani kuna mtu."

Tulifunua zulia, Mama. Tulifuata ule waya kwa vidole kama mtu anayetafuta chawa. Chini ya kiti cha dereva ulikuwa umekatwa na kuungwa kwa utepe mweusi, na nyaya mbili mpya zikapanda hadi upande wa chini wa kiti. Dama akaingiza mkono. Nikasikia tak. Kiti cha nyuma kikavuma.

"Zungusha ufunguo," akasema.

Gari likawaka kama halijawahi kuugua.

"Hii ni swichi ya siri ya kuzuia wezi," Dama akaniambia. "Si mbaya, watu wengi wanaiweka. Ukiizima, gari haliwaki hata mwizi akiwa na ufunguo. Lakini mwenye gari huambiwa. Wewe hukuambiwa?"

Gari lilinifikia kutoka mikononi mwa Mghanga. Hakuna mkono mwingine uliolipitia.

Unajua mimi hupiga kelele. Tangu utoto ukinikanyaga unasikia. Siku ile sikupiga. Nilimlipa Dama, nikapeleka keki ya ubatizo Jumanne bila kumwambia mtu, nikarudi, nikaizima ile swichi kwa mkono wangu mwenyewe. Mghanga aliporudi kutoka Voi nikamwambia, "Bado limekataa, mdogo wangu." Akaniomba nimtafutie maji ya kunawa, niingie ndani. Niliingia, nikasimama nyuma ya pazia. Nikamwona akiinama, mkono chini ya kiti, akijinyoosha, akiwasha. Haikumchukua hata muda wa kukohoa. Kisha akafungua boneti, akajipaka grisi kwenye mikono. Alijipaka, Mama! Akaniita nje aninyooshee ile mikono michafu nione alivyotaabika.

Nilimpikia chai. Nikamtilia sukari vijiko vyote anavyopenda. Nikamwangalia akinywa, na ndani yangu kitu kikatulia kama maji ya mtungi. Nilijua nitamlipiza. Sikujua bado wapi.

Mahali alinipa kaka yako. Mjomba Righa alinipigia siku ya pili yake kwa nia njema kabisa. "Mwanangu, Jumamosi tunakwenda Likoni kumtambulisha Mghanga kwa kina Mwende, yule mchumba wake. Wewe tutakukuta wapi?" Mimi nilikuwa nimeambiwa utambulisho ni mwisho wa mwaka. Wewe ulijua, Mama. Mjomba alijua. Dada yake Mghanga, mimi niliyempokea mjini, niliyemlaza chumbani mwangu alipofika na mfuko mmoja wa nguo, ndiye peke yangu nisiyejua. Nikamwambia Mjomba nitafika mwenyewe, anielekeze tu nyumba. Na nikamwomba asimtajie Mghanga, nataka kumfurahisha.

Ijumaa akaja, akala, akatoka "kutazama magurudumu." Jumamosi asubuhi nilizungusha ufunguo kwa ajili ya majirani, gari likakataa, nikampigia kwa sauti ya huzuni. Akaja na fundi wake. Alikuwa amenyoa, ananukia manukato mpaka langoni. Walipoanza kulisukuma, mimi pia niliweka mikono nyuma ya gari nikasukuma. "Asante, dada," akaniambia. Nikamjibu, "Gari la nyumbani hili, tutalisukuma wote."

Kona ilipowameza niliingia ndani, nikavaa gauni langu la buluu la Pasaka, nikatoa keki niliyokuwa nimeioka. Ndiyo, nilioka keki. Sikutaka kuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Nikavuka feri kwa miguu, keki kifuani, na watu walivyo na adabu walinipisha.

Kwa kina Mwende ni nyumba nzuri yenye uwanja wa kokoto, ukishapita njia ya Mtongwe. Gari langu lilikuwa katikati ya uwanja, limeoshwa, limefungwa utepe mwekundu mbele. Nilipobisha hodi walikuwa wamekwisha kuketi. Mjomba akasema, "Karibu, mwanangu, umechelewa." Mghanga alikuwa na kikombe mkononi. Akakitua bila kunywa.

"Huyu ni dada yangu," akasema.

Baba yake Mwende, mzee Kilonzo, alifanya kazi bandarini miaka mingi, sasa amestaafu. Ni mtu mkubwa wa mwili, mpole. Alinikaribisha kwa heshima zote, akaisifu keki, kisha akasema, "Kijana wenu amejikaza. Kila Jumamosi anakuja na gari lake kuwachukua Mwende na mama yake, anawapeleka Diani, anawapeleka sokoni. Vijana wa siku hizi si wengi wenye gari lao wakakumbuka wazee." Mjomba Righa akakohoa. Akamtazama Mghanga, akanitazama mimi. Mimi nikasema, "Ni kweli, mzee. Ni gari zuri."

Niliona Mghanga anavuta pumzi. Alidhani nimemsitiri.

Baada ya kidogo nikasema nimesahau kitambaa changu kwenye gari la Mghanga. "La Mghanga," nilisema, kwa sauti ya kusikika. Mwenyewe akataka kuinuka, lakini mzee Kilonzo alikuwa amemshika bega anamsimulia habari za meli. Nikatoka na ufunguo wangu wa akiba, nikafungua mlango, nikainama karibu na goti la dereva, nikaing'oa fyuzi ya pampu. Nikaitia kwenye mkoba, pamoja na pipi zangu za kikohozi. Nikarudi nikala pilau. Nilikula vizuri, Mama.

Walipomaliza kuzungumza, mzee Kilonzo alimwomba Mghanga ampeleke bibi yake Mwende nyumbani kwake Mtongwe, kwani amechoka. Wote tukatoka uwanjani kumsindikiza. Bibi akaketishwa mbele. Mghanga akavaa miwani yake nyeusi, akazungusha ufunguo.

Injini ikazunguka, ikazunguka. Haikuwaka.

Akacheka kidogo. Akazungusha tena. Nikamwona bega linashuka, mkono unaingia chini ya kiti. Akazungusha. Haikuwaka. Mkono ukarudi chini ya kiti, ukakaa huko muda mrefu. Watu wakaanza.

"Betri hiyo!"

"Betri gani, husikii inavyozunguka? Mafuta yamekwisha."

"Mpigieni fundi."

Jasho lilimlowesha kola. Hapo ndipo nikasogea. "Niruhusuni," nikasema. "Mimi hili gari nalijua kidogo." Nikamwambia atoke, nikaketi mimi. Nikawasha taa za mbele mchana ule. "Mzee Kilonzo, taa zinawaka? Basi si betri. Injini inazunguka? Basi si starta. Sasa nyamazeni kidogo, tusikilize pampu ya mafuta." Uwanja mzima ukanyamaza. Bibi naye akatega sikio. "Haivumi. Haipati umeme. Mghanga, ulikuwa unapapasa nini chini ya kiti?"

Akasema, "Dada, twende kando tuzungumze."

"Hapa panatosha. Mzee, nisamehe nikikusumbua. Hebu tia mkono wako chini ya kiti hiki."

Mzee Kilonzo aliinama kwa shida, akatia mkono. "Kuna kitu kama swichi."

"Mwulize mwenye gari ni ya nini."

Sikumngoja Mghanga. Nikajibu mimi. Nikasema ni swichi inayoliua gari kila Ijumaa jioni uani kwangu, Bombolulu, ili Jumamosi mimi nilie, yeye alisukume hadi kona, kisha aje huku kuwa tajiri. Nikafungua mkoba, nikatoa fyuzi, nikaionyesha, nikairudisha mahali pake. Kiti cha nyuma kikavuma. Nikazungusha ufunguo, gari likawaka. Nikaliacha lingurume.

"Gari hili ni la nani, Mghanga?" nikauliza. "Sema wewe."

Mjomba Righa aliuficha uso kwa kofia yake. "Sema, baba," akamwambia kwa upole. "Sema tu yaishe."

"Ni la dada," Mghanga akasema. Alisema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa mdogo ukimkuta na sukari mdomoni. Nami sikumhurumia. Nikamwuliza tena, mbele yao wote: Jumamosi ile ya arusi, uliponiambia haliendi ukinitazama machoni, ulikuwa unakwenda wapi? Akawa anatazama kokoto. Mama yake Mwende ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayekumbuka: "Siku ile ndiyo alitupeleka Diani."

Niling'oa ule utepe mwekundu nikampa mkononi. Mzee Kilonzo akamwambia maneno machache tu. "Kijana, ungekuja kwa miguu ningekupokea. Nenda. Ukiwa na neno lako mwenyewe la kuniambia, rudi." Kisha akamwomba Mjomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea, akaingia ndani.

Mimi nikampeleka bibi Mtongwe. Nilimwacha Mghanga uwanjani na suti yake na viatu vyake vya kung'aa, na kutoka pale mpaka feri ni mwendo. Nitakuambia ukweli kwa kuwa umenifundisha ukweli: nilipomwona kwenye kioo cha nyuma anazidi kuwa mdogo, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu ya kufurahi, na bado nikafurahi.

Ila Mwende aliingia garini dakika ile ya mwisho, akaketi nyuma ili amsindikize bibi yake. Tulipomshusha bibi na kumfikisha mlangoni, akanigeukia.

"Ulijua tangu lini, dada?"

"Tangu Jumatatu."

"Na mimi ungeweza kunitafuta ukaniambia."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia, "Nilitaka waone."

Akatikisa kichwa, akaingia kwa bibi yake, akafunga mlango polepole. Msichana yule hakunikosea chochote. Kama kuna mtu nitakayemwomba radhi katika jambo hili ni yeye, na nimekwisha kumtumia salamu kwamba nataka kwenda kumwona. Hajanijibu.

Sasa mambo yamekaa hivi. Dama ameitoa ile swichi, nyaya zimerudishwa, na gari linawaka siku zote saba. Nilikwenda kwa yule mama wa bi arusi na keki mpya, nikamweleza yote. Hakuomba radhi, lakini aliipokea keki, na juzi binamu yake amenipigia kuagiza. Ile hoteli bado kimya. Uchumba haujavunjwa wala haujasonga. Mjomba anasema Mghanga alirudi kwa mzee Kilonzo mara moja, akaachwa langoni. Kwangu hajafika. Kwako amefika, kwa simu, akakusimulia uwanja na utepe, na najua hakukusimulia grisi aliyojipaka mikononi.

Wewe unasema ni mdogo wangu, nimsitiri. Nilimsitiri tangu siku aliyoshuka basi hapa Mombasa. Kitanda changu kilimsitiri, na sufuria yangu. Alipotaka kuwa mtu mbele ya watu, alinitupa mimi kwenye tuktuk.

Nisalimie baba mdogo, umwambie ile mbegu ya maharagwe nitamletea. Msalimie shangazi wa kule juu na mumewe, na mwambie mtoto wa dada, yule Mkamburi wetu mdogo, kwamba keki yake ya kipaimara naoka mimi, asimruhusu mtu mwingine. Na mwalimu wa kwaya umshukuru kwa kuileta barua.

Ukija kuangaliwa macho tena nitakupokea kituoni mwenyewe, na utafikia kwangu. Nakujua, utataka kumwona mwanao, wala sitakuzuia.

Mghanga simpelekei salamu. Msamaha ninao, Mama, sikuzaliwa bila moyo. Lakini siutumi kwa barua, wala kwa simu, wala kwa mkono wako. Anapajua Bombolulu. Aje auchukue mwenyewe mlangoni kwangu, mchana kweupe, Bi Zuhura akiwa amekaa barazani anatazama.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Wakesho